Mpaka Panapotosha

Siku ile Shangazi wa Panya alifunga vifungo vya koti lake jeupe upande upande, na hakuna mwenzake kazini aliyethubutu kumwambia. Walijua yuko katika hali gani. Kwanza, mashine mpya ilikuwa imefika. Pili, mama yake alikuwa anakuja kupimwa saa nane mchana. Ukimchukua mtu mwepesi wa kufurahi kama yeye ukamrundikia mambo mawili ya namna hiyo katika siku moja, usishangae akikusalimia mara tatu kabla ya chai.

Jina hilo la Shangazi wa Panya alipewa kwa utani likamganda. Jengo lao lilikuwa na mabawa mawili: kushoto wanapimwa wanyama, kulia wanapimwa watu, na katikati kuna ukumbi wenye birika na viti vilivyochoka. Pande zote mbili swali lilikuwa lile lile. Mwili huu una mafuta kiasi gani, una misuli kiasi gani, na misuli hiyo inafanya kazi gani? Maana kuwa na misuli ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine, na tofauti ya hayo mawili ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mshahara.

Yeye alikuwa upande wa kushoto, na panya wake aliwapenda kupita kiasi. Alijua nani anapenda kulala kona ipi. Alijua nani mchoyo wa chakula. Mkubwa wao alikuwa panya mweusi mwenye miaka miwili na ushee, umri ambao kwa panya ni uzee wa kushika mkongojo, na Shangazi alimwita Mstaafu.

Asubuhi hiyo Mstaafu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika mashine mpya. Ilikuwa na ukubwa wa friji dogo, na ilimeza mrija wa plastiki ambao panya huwekwa ndani yake akiwa hai, yuko macho, bila sindano wala dawa ya usingizi. Dakika mbili tu, kisha namba zinatoka: mafuta gramu kadhaa, misuli gramu kadhaa. Shangazi alizisoma akaruka kama mtoto aliyeona mvua.

"Daktari! Njoo uone! Mstaafu ana misuli ya kijana!"

Daktari, mkuu wao, mwanamke mrefu aliyezungumza kama anayelipia kila neno, alikuja akaangalia. "Mpime nguvu," alisema.

Kumpima panya nguvu si jambo kubwa. Unamshika mkia karibu na kiuno, unamshusha kwenye kijiwavu cha chuma, naye anakishika kwa mikono yake ya mbele. Kisha unamvuta nyuma polepole. Kijiwavu kimeunganishwa na mizani, na pale anapoachia, mizani inabaki na namba. Shangazi alimvuta Mstaafu. Gramu hamsini na nane. Akamvuta tena. Hamsini na mbili. Mara ya tatu Mstaafu hakujisumbua hata kushika, aligusa chuma kidogo kwa adabu akaachia.

Furaha ilimtoka Shangazi kama upepo kwenye mpira. "Sasa hii misuli yote ni ya nini? Mapambo?"

"Nipe mimi," Daktari alisema. Hakuwahi kumshika Mstaafu hata siku moja. Alivaa glavu, akamshika mkia, akamshusha kwenye kijiwavu. Mstaafu alipoona mkono mgeni alitoa macho, akaking'ang'ania kile chuma kama mtu aliyeshika mlango wa gari linaloondoka. Gramu mia moja thelathini na sita.

"Wewe akikuachia unamrudisha nyumbani na kumkuna kichwa," Daktari alisema. "Amejifunza. Hukumpima nguvu, umempima hamu." Akavua glavu akaenda zake, akimwacha Shangazi ana aibu nusu na kicheko nusu. Miaka sita ya kazi, na kizee cha panya kimemcheza shere.

Sasa tuje kwa mama yake, maana huko ndiko moyo wa Shangazi ulikokuwa tangu alfajiri.

Mama alikuwa fundi wa miwani. Miaka arobaini na mmoja alikaa kwenye meza yake, katika chumba cha mbele cha nyumba yake ghorofa ya pili, akipima macho ya watu, akichonga vioo na kukaza skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Miezi minane nyuma aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akafanya mazoezi, akapona. Lakini Kaka Mkubwa, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amemhamishia kwake na hakutaka tena kusikia habari ya ghorofa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake mpaka mapenzi yakawa kero. Alimtunza kama yai: alimwekea kengele kitandani, akamkatia nyama vipande vidogo, na hata bisibisi zake akazifungia kabatini asije akajichoma.

"Yai lisipoguswa nalo huviza," Mama alimwambia siku moja, lakini Kaka Mkubwa alicheka akamwongezea mto mgongoni.

Basi mwezi uliopita, mbele ya watoto wake wote wawili, Mama alikunja mikono akasema, "Mimi sikuwahi kumpa mtu miwani kwa kumwonea huruma. Nilimpima, namba ikasema. Nami nipimwe. Kwa huyu mdogo wako wanapima watu wa umri wangu kila siku. Vipimo vitatu: kuinuka kitini, kutembea, kubana mkono. Nikifaulu vyote, unanipa funguo zangu. Nikishindwa hata kimoja, nitakaa hapa kwako na hutasikia neno."

"Umesema mwenyewe, Mama," Kaka Mkubwa alisema, na mkono wake ukagusa mfuko wa suruali, ambamo funguo za nyumba ile zilikuwa zikilala tangu siku ya ajali.

Shangazi alimjua mama yake. Akisema hatalalamika, kweli hatalalamika. Atakaa pale sebuleni, ataangalia ukuta, na atazimika kidogo kidogo kama betri. Hilo ndilo lililomfanya afunge vifungo upande upande.

Saa nane kasorobo walifika. Mama alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kamba. Kaka Mkubwa alimshika kiwiko kana kwamba sakafu ni barafu. Kanuni ya jengo ilikuwa moja na kali: ndugu hampimi ndugu. Anaweza kukaa nyuma ya kioo akatazama, mdomo kaufunga. Kwa hiyo Shangazi na kaka yake walikalishwa kwenye benchi upande wa pili wa dirisha, mlango umeachwa wazi kidogo, wakisikia kila kitu na hawana ruhusa ya kusema lolote.

Aliyempima Mama alikuwa Sekunde. Jina lake halisi lilishasahaulika. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye saa ya kupimia shingoni, aliyekuwa tayari kubishana nawe kutwa nzima juu ya nusu sekunde. Alianza kwa kumlaza Mama kwenye kitanda kinachotenganisha mafuta na misuli, mkono mmoja mrefu wa mashine ukampitia juu taratibu toka kichwani hadi miguuni, na karatasi ikatoka. Kisha akamkalisha kwenye kiti.

"Mama, mikono ikunje kifuani. Inuka, kaa, mara tano, haraka unavyoweza. Mwisho wetu ni sekunde kumi na tano. Haya!"

Mama aliinuka. Mara ya kwanza goti lilitetemeka na Shangazi akaacha kupumua. Mara ya pili lilitulia. Ya tatu, ya nne, na ya tano aliinuka kwa kishindo hadi kiti kikasogea.

"Kumi na mbili na nukta nane!"

Shangazi alimpiga kaka yake teke dogo la furaha. Kaka Mkubwa alijikuta anatabasamu bila kutaka.

Ikaja kutembea. Mita nne, mstari mwekundu hadi mstari mwekundu, mwisho sekunde tano. Mama alitembea kama anayekwenda kumgombeza mtu: nne na nukta tatu. Nyuma ya kioo Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. Viwili vimepita! Kimebaki kimoja, na ni cha mkono, tena mkono wa fundi! Alikwisha kuanza kupanga kichwani atakavyomsaidia kufuta vumbi kwenye meza ya kazi.

Sekunde alifungua kisanduku chenye sponji, akatoa kipima kiganja kama anayetoa mtoto mchanga. Cha zamani kilianguka kikafa, na hiki kipya walikipata baada ya miezi mitatu ya kuandika barua. "Mama, unakishika hivi, kiwiko ubavuni. Unabana kwa nguvu zako. Ila taratibu tafadhali, hiki chombo ni ghali na hakina mwenzake. Kufaulu ni kuanzia kilo kumi na sita."

Mama alikigeuza, akakiangalia kwa jicho la fundi, akakishika. Akabana.

"Kumi na moja," Sekunde alisema.

Mara ya pili. "Kumi na moja."

Mara ya tatu. "Kumi na moja na nukta moja."

Sekunde aliandika, na kalamu yake ilisikika mpaka nyuma ya kioo. Kaka Mkubwa alishusha pumzi, na ukweli lazima usemwe: haikuwa pumzi ya ushindi. Alikuwa ameshaanza naye kushabikia.

Mama alirudisha chombo mezani polepole. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Ahsante, baba. Mkoba wangu uko wapi?"

Shangazi alihisi machozi yanakuja, akajikaza kisabuni. Hamu, alifikiri, Daktari alisema hamu. Lakini Mama hamu anayo! Hakuna mtu mwenye hamu kuliko yeye leo katika jengo hili. Aliichukua ile karatasi ya kitanda, ambayo Sekunde alikuwa amempitishia kaka yake mlangoni, akaisoma. Misuli ya mikono: mingi. Mingi kuliko ya wanawake wengi wa umri wake. Misuli ipo, nguvu iko wapi? Swali lile lile la asubuhi. Na hapo hapo akili yake ikanasa kwenye zile namba tatu. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja na nukta moja. Alikuwa amepima maelfu ya mivuto. Panya anayevuta kwa nguvu zake zote hupanda, hushuka, huchoka. Watu nao hivyo hivyo. Nani anayeishiwa nguvu mahali pale pale mara tatu, kama aliyechora mstari?

Kanuni aliisahau. Aliingia mlangoni kama upepo.

"Mama! Ulikuwa unabana mpaka wapi?"

"Shangazi, toka nje," Sekunde alisema. "Damu nzito kuliko maji, najua, lakini toka."

Mama ndiye aliyekuwa na hasira zaidi. "Usinifanyie hivyo, mwanangu. Namba imesema. Sitaki kupewa nyumba yangu kwa huruma."

"Si huruma, Mama! Swali moja tu. Ulikuwa unabana mpaka wapi?"

Mama alimwangalia kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Mpaka panapotosha."

"Panatosha kwa nini?"

"Panatosha tu. Chombo cha watu, cha gharama, hakina mwenzake, mwenyewe kasema. Nimekaza mpaka nikasikia kimeshika, nikaacha. Ukizidisha hapo umevunja kioo cha mteja. Nilivyofundishwa ndivyo nilivyofanya miaka yote."

Hata saa ya Sekunde ilionekana imesimama. Kaka Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, mdomo wazi. Shangazi alitamani kucheka na kulia na kumbusu mama yake usoni, vyote kwa pamoja. Miaka arobaini na mmoja ya skrubu ndogo kuliko ufuta! Mkono ule ulikuwa mzima, ila ulikuwa na adabu.

"Nilimwambia abane kwa nguvu," Sekunde alisema, shingo imevimba. "Nimepima watu elfu mbili."

"Na hao elfu mbili uliwaambia pia hakina mwenzake?"

"Hicho kipya kina wiki mbili tu—" Sekunde alianza. Mgala muue na haki umpe: mtu huyu angebishana nawe juu ya nusu sekunde, lakini alikuwa mkweli kuliko saa yake. Aliangalia kile chombo, akaangalia fomu, akatoka. Walimsikia ukumbini akizungumza na Daktari. Aliporudi, Daktari alikuwa nyuma yake, akasimama mlangoni akiisoma karatasi ya misuli na zile namba tatu.

"Maelekezo yalikosewa," Daktari alisema. "Dakika kumi na tano za kupumzika, kisha arudie. Shangazi nyuma ya kioo. Na vifungo vyako." Akaondoka.

Dakika kumi na tano! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Shangazi alifungua vifungo vyote akavifunga upya, akavikosea tena. Kaka Mkubwa alikaa kando yake akizungusha kitu mfukoni, na kila kilipozunguka kililia chuma kwa chuma.

"Ukiwa mkweli," kaka yake alinong'ona, "unataka ashinde?"

"Ninataka mpaka meno yanauma. Na wewe?"

Kaka Mkubwa aliacha kuzungusha. "Mimi naogopa zile ngazi," alisema. "Kila nikifumba macho namwona pale bafuni sakafuni. Ni mimi niliyemkuta, si wewe." Shangazi hakuwa amewahi kumsikia akilisema hilo. Alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Muda ulipotimu, Sekunde alikiweka chombo katika kiganja cha Mama. Safari hii hakukishika kama mtoto mchanga.

"Mama," alisema, "kivunje."

"Nini?"

"Kivunje, nakuomba. Kikivunjika ni juu yangu, barua nitaandika mimi. Usiniachie hata punje moja ya nguvu. Bana!"

Mama alibana. Mishipa ilitokeza kidogo mkononi, kisha akalegeza akaangalia chombo kwa wasiwasi.

"Kumi na tano," Sekunde alisema.

Kumi na tano! Imepungua kilo moja tu! Shangazi alibandika paji la uso kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu.

"Hakijavunjika, Mama," Sekunde alisema. "Kiangalie. Kizima kabisa. Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya wabeba mizigo."

Mama alikigeuza akahakikisha. Kisha akafumba macho. Alibana, na alipofika pale palipotosha, wote waliona, maana uso wake ulisita, vidole vikataka kuacha kwa mazoea. Hakuacha. Alipita pale. Midomo ilikunjika, bega likatetemeka, sauti ndogo ikamtoka kooni, sauti ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia.

"Ishirini!" Sekunde alipiga kelele. "Ishirini, Mama! Tena!"

"Tena," Mama alisema, bado macho kayafumba, na safari hii hakusita kabisa.

"Ishirini na tatu!"

Shangazi alipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Upande wa kushoto wa jengo panya walianza kukwaruza vizimba. Sekunde alikuwa akizunguka chumba akitikisa saa yake kama aliyeshinda yeye. Katikati ya vurugu yote Mama alikaa akiangalia kiganja chake, akikifumbua na kukifumba, naye anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe ninayo," alisema. "Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa nikaze mpaka mwisho."

Kaka Mkubwa aliingia. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akatoa funguo mfukoni, tatu kwenye kamba ya bluu, akaziweka katika kiganja kile. "Bisibisi nitakuletea jioni," alisema. "Lakini bafuni nitakuwekea vyuma vya kushikilia. Hapo usinibishie."

"Weka," Mama alisema. "Vikaze vizuri."

Walitoka wote watatu kuelekea getini, Shangazi akisimulia habari za Mstaafu kwa kasi ambayo hakuna aliyeifuata. Mama alitembea katikati, ngumi imefumba funguo, wala hakuzitia mkobani. Walipofika kwenye vidato viwili vya ngazi ya nje, Kaka Mkubwa alinyoosha mkono kwa mazoea. "Lete nikushikie hizo, Mama, upate kushika chuma cha ngazi."

Mama alishika chuma kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea ile ngumi ya kulia. "Zichukue," alisema.

Kaka Mkubwa alijaribu kufungua kidole kimoja, kisha viwili, kisha akatumia mikono yote miwili, akicheka, halafu hacheki tena. Ngumi haikufunguka. Mama aliteremka vidato, kimoja, cha pili, akasimama chini akimngoja.